Mahali Tulipogeuza Nyuso

Unageuza uso. Nimekuona. Sijafika hata mstari wa pili na jicho lako limeshatoroka, limekwenda dirishani, limekwenda kwenye simu, limekwenda kuangalia kama chai imepoa. Usijitetee, sijakuuliza. Nimeishi na watu wanaogeuza nyuso tangu nizaliwe na nawajua kwa shingo zao: mshipa unatokeza hapa, chini ya sikio, na sauti inakuwa laini kama ya mtu anayepita kwenye nyumba yenye msiba. Mshipa wako umetokeza. Rudisha kichwa. Kuna mnyama anakauka ndani ya dimbwi na mtoto wake ubavuni, na kati yake na bahari kuna ukuta ambao unene wake hauzidi upana wa kitanda cha kamba. Kitanda kimoja tu. Nitakueleza ulivyojengwa mchana kweupe, watu wakipita, na asiwepo hata mmoja aliyeuona. Ukishasikia utaniambia wewe ni nani kati yetu.

Kwetu kuna hori. Jina lake silitaji, maana kila nilipolitaja mbele ya wakubwa walilipeleka kwenye ramani, na kilichokwenda kwenye ramani hakikurudi. Hori hilo linaingia kutoka baharini kwa mlango mwembamba tunaouita Kinywa, halafu linatanuka ndani ya mikoko, linagawanyika vijito, vijito vinajipotezea wenyewe, vinakutana tena kama ndugu waliogombana, mpaka kwenye uwanda mpana ambako chini ya maji kuna majani laini, marefu, ya kijani iliyoiva. Hapo ndipo nguva huja kula. Na nguva kwetu ni mkwe. Sababu yake siijui na sitakubunia. Mimi nilizaliwa nikakuta ni mkwe, mama mkwe wa kijiji kizima, na mama mkwe kwetu hatazamwi usoni. Ukikutana naye unaacha njia, unavua viatu, unaongea na ardhi. Basi wakati wa bamvua, maji yanapojaa mno, yeye huingia kwa Kinywa na mwanawe kamgandia kwenye kwapa. Kwa hiyo kila mtu apitaye karibu na Kinywa hugeukia mikokoni. Wanaume hukohoa kidogo, wanawake huvuta upindo wa kanga, na mwenye mtumbwi hupiga kafi akiwa ameipa mgongo safari yake. Mwulize mtu wa kwetu Kinywa kikoje. Atakueleza harufu yake, mlio wake, ubaridi wake kwenye shavu la kulia. Sura yake hatakueleza, hajawahi kuiona, wala babake.

Hiyo ndiyo heshima. Nalitamka neno hilo kwa meno.

Mimi sikusomeshwa. Nilijifunza kusoma kwenye vipande vya magazeti alivyofungia mama yangu vitumbua, na ndiyo maana habari za dunia nazijua nusu, nusu nyingine imeliwa na mafuta. Nilisoma "Serikali yaahidi" nisijue iliahidi nini. Nilisoma "Wananchi watakiwa" nisijue walitakiwa kwenda wapi. Nikakua nikidhani siku nitakayopata karatasi kavu nitaelewa kila kitu. Nilipoipata nikaisoma mpaka chini, nikaona sikupitwa na neno. Tangu hapo nasema barabarani, nasema msikitini watu wakivaa viatu, nasema kwenye mikutano niliyoalikwa na zaidi ile ambayo sikualikwa, na watoto wakiniona wanaambiana jamani redio hiyo inapita. Sawa. Redio haisahau. Nakumbuka mashamba ya chumvi yalivyokula mikandaa, mikoko yetu ya upande wa kusi, na watu wakasema tusiwasumbue wageni. Nakumbuka mabwawa ya kufugia kamba, nakumbuka maji yake meupe yaliyomwagwa hori likatapika samaki, na watu wakasema tusubiri labda yatakaa sawa. Nakumbuka ufuo uliozungushiwa seng'enge. Nakumbuka na mambo ya kabla sijazaliwa: minyororo ya chuma ikipimia ardhi, kofia nyeupe, mtu anauliza hapa ni pa nani, na mtu wetu anajibu kwa upole karibu ukae. Kumbukumbu hiyo si yangu. Labda ni ya babu. Labda ni yako, umeiacha kwangu kwa sababu ilikuwa nzito.

Swali langu ni moja, nalo limeninyima usingizi hata huku ambako usiku umekatazwa. Nguvu ni nini? Nilidhani ni bunduki. Nikadhani ni muhuri. Nikadhani ni tumbo la mtu anayeweza kungoja mpaka wewe uone njaa. Sasa nadhani ni kitu kidogo zaidi, kitu cha kukutia aibu kukisema. Mwenye nguvu ni yule anayejua mahali ambapo wewe hutazami.

Na aliyejua alikuwa mkwe wetu mwingine. Shemeji yangu, Faki Mtengo, mume wa dada yangu mdogo Mize. Alikuja kutoka ng'ambo na sanduku la bati na nywele zilizochanwa vizuri, akamwoa Mize, akajifunza adabu zetu kutupita sisi wenyewe. Mama yangu, Bi Mashavu, akitokea tu kwenye kona ya kisima, Faki alikuwa keshavua makubadhi keshaingia kwenye miiba. Mama aliisalimia miiba hiyo kwa miaka. Wanawake walimwonea gere. Walisema Mashavu amepata mkwe wa dhahabu, mwanamume ambaye hajui hata mama mkwe wake ana chongo au hana. Mama hana chongo. Ana macho mawili makali kama sindano za kushonea magunia, na Faki ndiye mtu pekee hapa ambaye hayajawahi kumchoma.

Kisha ikaja Njia. Zamani njia yetu ya kupita mikokoni haikuwa mahali pamoja. Tope linahama, nasi tunahama nalo. Anayetangulia asubuhi huvunja kitawi na kukichomeka, wa nyuma hufuata vitawi, na kesho yake vitawi vimezama na njia ni nyingine. Kwa hiyo hakuna kaa aliyekanyagwa mara mbili na hakuna mzizi uliochakaa. Wenye Njia wakaja (siwajui, hakuna awajuaye, tunawasikia tu kwa kinywa cha Faki waliyempa usimamizi) wakasema njia isiyokaa mahali pamoja si njia. Wakajenga ya mbao. Nzuri, siwezi kusema uongo. Inapanda juu ya tope kwa miguu ya nguzo, inazunguka kama kamba iliyotupwa chini, na kila baada ya mwendo kidogo kuna kibanda cha makuti cha kutazamia ndege na kibao chenye mshale. TAZAMA HAPA, kibao kinasema. Mshale unaonyesha yangeyange. Mbele kidogo, TAZAMA HAPA, mshale unaonyesha mdiria anayepiga mbizi, au kaa mwenye gando moja jekundu kubwa kuliko mwenyewe, anayelipunga hewani kama mgombea wa uchaguzi. Ndege sululu, heroe, samaki wanaotembea topeni kwa mapezi. Kila kitu kina mshale wake. Wageni wakawa wanakuja, na Mize, ambaye anajua kuita ndege kwa ulimi, ndiye aliyewatembeza. Wakatazama kila walipoambiwa watazame. Nami nikaisoma mishale yote, maana kusoma ndiyo shule yangu, nikaona kwamba imechorwa kwa ufundi mkubwa: hakuna hata mmoja unaoelekea Kinywa.

Fikiria hilo. Sisi hatutazami kwa heshima. Wao hawatazami kwa mshale. Pakabaki mahali pamoja duniani pasipo na jicho.

Wageni walilalamika, Faki alitueleza baadaye, kwamba maji yakipwa hori linabaki tope na tope linanuka. Walitaka maji yakae. Wenye Njia wakamwambia Faki maji yakae. Na Faki akajua pa kuyashikia. Alijenga mchana. Wanaume kutoka mbali, viroba vya mchanga uliochanganywa na saruji, matope juu yake, nguzo za mikandaa ubavuni. Na sisi tulipita. Tulipita kila siku, tukielekea kwenye mitego, tukirudi na kuni. Tulisikia pumzi nzito pale Kinywani, tulisikia kitu kinaburuzwa topeni, kinaanguka, kinaguna. Tukageuza nyuso. Tukasema Mkwe leo ana shughuli zake. Tukakohoa kwa adabu. Na wale wajenzi, Faki kashawafundisha, nao wakakohoa.

Cheka. Mimi nilicheka mpaka nikakaa chini.

Ukuta ulipokifunga Kinywa, ilikuwa alasiri. Imekuwa alasiri tangu hapo. Usidhani napamba maneno. Kwetu wakati haukuwa ukutani wala mkononi, ulikuwa ndani ya hori: maji yanajaa, tunakula, yanapwa, tunakwenda kwenye kaa, yanajaa, tunalala. Maji yaliposimama hapakuwa na kitu cha kuisukuma siku. Kivuli cha mkoko mkubwa wa mchu kimelala juu ya tope mahali palepale. Kuku wanazunguka banda hawajui kama waingie. Wanafunzi wa chuoni wametoka na juzuu kwapani na mpaka sasa wako njiani kurudi majumbani, nasikia nyayo zao. Muadhini alipanda kuadhini magharibi, akalitazama jua, akashuka akaketi kwenye ngazi, amekaa hapo na kilemba mapajani. Na jua hilo halitui. Linakunywa. Walizuia maji ili yasiondoke, na maji yaliyozuiwa yameondoka juu, kidogo kidogo, mbele ya mabaraza yetu, mpaka uwanda wa majani ukawa malisho ya inzi na lililobaki ni dimbwi moja.

Nilimfuata Mize kwenye Njia. Alikuwa na wageni wachache, kofia pana, sauti za chini. Nikatembea nyuma yao kama mkia. Njia ilizunguka, tukapita kibanda, tukapita kibanda, na baadaye nikaona mbele yetu mtu mwingine anayetembea peke yake, fulana imechanika begani palepale ilipochanika yangu. Nikaharakisha, naye akaharakisha. Nikamwita, nikasikia naitwa nyuma. Sikugeuka, Mungu anisamehe, nilishindwa na desturi. Kwenye mbao zile kila mtu humfuata mgongo wake mwenyewe, na hivi ndivyo mtu anavyoweza kutembea maisha yake yote akidhani kuna kiongozi.

Kisha Mize akasimama. Palikuwa na kibao kipya, rangi haijakauka vizuri. TAZAMA HAPA. NGUVA NA MWANAWE. Mshale ulielekea dimbwini.

Nilitazama. Najua nilichofanya. Alikuwa amelala nusu ndani ya maji, mgongo nje, ngozi ya mgongo imepasuka kama chungu kilichosahauliwa motoni. Kila baada ya muda aliinua pua, akavuta hewa kwa sauti ya mtu anayekunja mkeka, na mtoto naye akainua ya kwake ndogo, akaiga. Hakuwa na ajabu yoyote. Alikuwa kama mwanamke yeyote mnene, mzee kidogo, aliyevuliwa nguo sokoni, ambaye hana pa kwenda na ameamua kutulia. Wageni walimpiga picha kwa heshima kubwa. Mmoja aliuliza kama anapenda kukaa pale. Mize alijibu ndiyo, kwa sababu Faki alimfundisha kujibu ndiyo. Walipokwisha kupita aliniegemea, mikono yake baridi kwenye alasiri ile ya moto.

"Kaka," alisema, "nimewaonyesha watu mama mkwe wetu uchi. Mimi mwenyewe. Nimenyoosha kidole hiki."

Nikamwambia ukuta ukitobolewa bamvua ikiwa nje, maji yataingia yenyewe na kumchukua. Akauliza bamvua itakuja lini, na huku hakuna lini. Nikamwambia huku hakuna, nje ya ukuta ipo. Bahari haikuambiwa isimame.

Tukakutana watu wote kwenye ua wa chuo, kwenye alasiri ileile. Walikuja, sitawasingizia. Walisikitika sana, watu wetu ni mafundi wa kusikitika. Nikasema mpaka koo likanikauka. Nikawaambia ukuta si mlima, ni viroba, na kiroba kilichopangwa na mkono hupanguliwa na mkono. Wakaitikia kwa vichwa. Kisha mmoja akauliza, bila ubaya, ni nani aliyeuona ukuta wenyewe. Alishakuja bwana mmoja wa wilayani na kalamu sikioni, akauliza hivyohivyo, nani aliona ukijengwa, nao wakajibu kwa kweli tupu kwamba hakuna, na bwana yule akasema basi jambo ambalo halikuonwa na mtu halijatendeka, akanywa dafu akaondoka. Wakaanza kubishana kama lilitendeka. Nikawaona wanavyochoka. Na nikaona kitu kingine, sikuwaambia: nyuso zao zilikuwa zimeanza kufutika. Si zote mara moja. Pua ya huyu imekuwa laini, nyusi za yule hazipo, kama sarafu iliyopita mikono mingi. Uso usiotumika kutazama hurudi kuwa kisogo.

Faki alikuja mwenyewe pale uani. Haogopi mikutano. Alisalimia kila mtu kwa jina lake, akakaa kwenye kizingiti, akanitania kama mashemeji wanavyotaniana. Alisema kelele zangu zingekuwa samaki kijiji kisingelala na njaa. Nikamwambia samaki wapo kwenye dimbwi lake, wamelala ubavu. Watu wakacheka, akacheka naye, ana meno mazuri. Kisha akasema kwa upole kwamba anaelewa uchungu wetu. Nguva akiondoka wageni wataondoka, vibanda vitaoza, na Mize atarudi kuokota kaa. Alisema yeye ni mtu wa kutumwa. Alisema ametafakari sana na ameona mnyama yule amezoea.

"Na nyinyi mtazoea, shemeji," aliniambia. "Watu wa hapa ni waungwana."

Hakuna tusi nililopata kutukanwa lililoniingia kama hilo. Kwa sababu alilisema kwa mapenzi.

Hapo ndipo mama yangu alipoinuka. Alikuwa nyuma, miongoni mwa wanawake, na alipotokeza tu, Faki alivua makubadhi, akageukia ukuta wa chuo, kichwa chini, kama desturi. Watu wote waliona. Alibaki hivyo, msimamizi wa Njia, kidevu kifuani, mpaka mama alipotoka nje ya ua. Na mimi nilihisi kitu ambacho sikuwa nimekihisi tangu nilipokuwa kijana. Matumaini. Yanafanana na kichefuchefu.

Mama alituita jikoni, mimi na Mize, akaendelea kukoroga uji wakati anaongea.

"Mimi ni mama mkwe wake," alisema. "Nikikaa juu ya ukuta wake, atageuka. Hana njia nyingine, ameizoesha shingo yake mwenyewe. Akigeuka yeye na watu wake wanageuka. Nyinyi chimbeni."

Mize aliuliza na sisi je, na Kinywa je, tutakitazamaje Kinywa. Mama alisema Kinywa hakipo tena, kipo kidonda, na kidonda cha mkwe wako usipokitazama wewe atakitazama nani. Kisha akaonja uji akaongeza chumvi. Hakusema zaidi. Mimi ningesema siku nzima.

Habari ilikwenda nyumba hadi nyumba kwa kunong'ona. Walikuja na majembe, mapanga, sepetu, hata mabakuli. Walicheka njiani. Kwa mara ya kwanza waliiacha Njia ya mbao wakashuka topeni, na wa mbele akavunja kitawi akakichomeka, na wa nyuma tukafuata vitawi, na tope likatushika miguu kama linalotukumbuka. Nilifikiri: ndiyo hii. Nilifikiri nimeishi kwa ajili ya hili. Tulipokaribia Kinywa nikaona shingo zinatetemeka, mishipa inatokeza, na bado hazikugeuka. Tuliuona ukuta. Ulikuwa mdogo. Hilo ndilo lililotuuma kuliko yote, udogo wake. Kitu kile kilikuwa kimelisimamisha jua.

Mama alipanda kwenye viroba, akatandika kanga ya pili, akakaa, uso kuelekea ndani. Nyuma yake, ng'ambo, bahari ilikuwa imejaa. Huko ilikuwa wakati mwingine kabisa, mawingu yanakimbia, maji yanagonga viroba kama mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake. Na huku ndani dimbwi, na mgongo uliopasuka, na pua mbili, kubwa na ndogo.

Faki alikuja juu ya mbao, watu wake nyuma. Alimwona mama yangu. Akasimama. Akainama, akavua makubadhi yake, akayapanga vizuri pembeni, kisigino kwa kisigino. Wanaume tayari walikuwa wameinua majembe.

Kisha akainua uso akamtazama.

Alimtazama mama yangu machoni. Polepole, bila hasira, kama mtu anayesoma kibao. Alitazama paji lake, mashavu yake, shingo yake, akashuka, akapanda tena. Hakuna aliyemfanya lolote. Mbingu hazikupasuka. Nikaelewa kwamba siku zote zile, miiba ile yote, hakuwa akitii. Alikuwa akijifunza upana wa mlango wetu. Kwa yule anayeweza kutazama bila aibu, aibu ya wengine ni lango lililoachwa wazi.

"Shikamoo, mama," alisema, macho yamesimama palepale. "Shuka, utaumia."

Na watu wetu, ewe unayenisoma, watu wetu wakageuka. Wote. Hawakuweza kuvumilia kuona mama mkwe anatazamwa. Walimwonea huruma, walimstahi, walitaka kumsitiri, na hawakuwa na nguo nyingine ya kumfunika ila migongo yao. Majembe yalilala topeni. Nikaona safu ya visogo kutoka mkoko hadi mkoko, na nikasikia kikohozi kimoja, kidogo, cha adabu, halafu kingine. Nikapiga kelele. Nilisema kila nilichokijua, nusu zote za magazeti yote. Sauti yangu ilipiga visogo ikarudi. Nikamshika mmoja mabega nikamgeuza kwa nguvu, na nilichokiona mbele kilikuwa kisogo pia.

Mama hakuinamisha uso. Sijui alikitoa wapi kitu hicho, hakuna aliyewahi kumfundisha. Aliyaachia yale macho yake mawili yakamwendea Faki, yakakaa.

"Nitazame, mwanangu," alisema. "Nitazame mpaka ushibe. Sishuki." Kisha, bila kunielekezea kichwa, akaniambia nichimbe, nisimtazame yeye, yeye anatazamwa kutosha.

Mize alikuwa wa kwanza. Alipita mbele ya mumewe, bega kwa bega, akashuka kwenye viroba akapiga magoti akaanza kwa kidole kilekile. Mimi nikafuata na jembe, na mpini ukavunjika mara ya kwanza tu, saruji imeganda. Kwa hiyo mikono. Faki hatuzuii. Hawezi, na hilo ndilo lililobaki mikononi mwetu: akitutazama sisi itabidi ayaachie macho ya mama, na hajawahi kukutana na mtu anayemrudishia jicho. Jasho linamtiririka. Wanaume aliokuja nao wanamngojea aseme neno, na neno halitoki. Lakini mama ni mtu mzima, na jua liko usoni mwake. Akipepesa, imekwisha.

Tumetoa kiroba kimoja. Cha pili kimekwama. Katikati yake unapita uzi wa maji, mwembamba kama wa kutungia shanga, unateremka ndani ya tope, na pale ulipofika kivuli cha mchu kimesogea. Nimekiona. Upana wa kidole. Nguva ameinua pua na hakuishusha. Ananusa. Mtoto anaiga.

Na bamvua ng'ambo imefika juu kabisa, na maji yakishafika juu hayakai, unajua, hata wewe wa bara unajua. Yameshaanza kufikiri kuondoka. Kucha za Mize zimekwisha. Mimi nimebaki na maneno na mkono mmoja tu ambao bado unaweza kushika, na maneno hayatoboi saruji, nimejaribu maisha yangu yote. Watu wangu wamesimama hapa, karibu kiasi cha kusikia harufu ya mikono yetu, na wanakohoa. Sina tena mtu. Nina wewe tu, na wewe, tangu mwanzo, nimekuwa nikiushika uso wako kwa mikono miwili usigeuke, na ndiyo mikono hiyo ninayoihitaji huku.

Basi nakuachia uso. Ubaki ulipo kwa hiari yako. Usiniambie umesikitika. Usiniambie utamweleza mtu. Shuka kwenye mbao, tope halitakumeza, litakushika tu. Piga magoti hapa, kati yangu na dada yangu. Kiroba kilichoko mbele yako kina mshono uliolegea upande wa kushoto. Kishike hapo. Vuta sasa.